Nusu Marathoni kwa Mwili Usio Tayari: Namna ya Kufika Salama

Umbali wa nusu marathoni ni kilomita 21 na mita 97 na nusu. Kwenye uwanja wa mita 400, huo ni karibu mizunguko 53. Mwanariadha anayefanya mazoezi kila siku huumaliza kwa muda wa saa moja hivi. Mkazi wa kawaida, mwenye shamba, duka au pikipiki ya kuendesha, huhitaji saa mbili na nusu au tatu, na muda wote huo yuko juani, miguu ikigonga barabara maelfu ya mara.

Kuresoi ni nchi ya wakimbiaji. Faith Kipyegon, aliyekulia eneo la Keringet, ameshinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 mara tatu mfululizo: Rio mwaka 2016, Tokyo katika michezo iliyofanyika mwaka 2021, na Paris mwaka 2024. Sifa hiyo ni fahari ya kaunti nzima. Hata hivyo, imezaa dhana moja isiyo sahihi, kwamba yeyote aliyezaliwa kwenye miinuko ya Mau anaweza kuamka na kukimbia kilomita 21. Ndipo mtu aliyeiwakilisha shule yake miaka 15 iliyopita anajiandikisha wiki mbili kabla ya mbio, anatoka kwa kasi ya ujana wake, na kufikia kilomita ya 13 amekaa kando ya barabara akishikilia paja.

Kukimbia nusu marathoni bila kuwa katika hali bora si kosa, na watu wengi huzimaliza mbio hizo salama. Jambo la msingi ni moja: mbio hukimbiwa kwa mwili wa leo, si kwa mwili unaokumbukwa. Makala haya yanaeleza namna ya kuujua mwili wa leo, kupanga kasi inayoufaa, na kutambua wakati wa kusimama.

MWILI HUPOTEZA NINI MAZOEZI YAKIKOMA

Mtu akiacha mazoezi, kitu cha kwanza kupungua ni maji ya damu. Ndani ya wiki mbili hivi moyo husukuma damu kidogo zaidi kwa kila pigo, kwa hiyo hulazimika kupiga mara nyingi zaidi kufanya kazi ileile. Katika utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 1984, wanamichezo wa mbio na baiskeli walioacha mazoezi walipoteza takriban asilimia 7 ya uwezo wao wa kutumia oksijeni katika wiki 3 za kwanza, na takriban asilimia 16 kufikia wiki ya 8. Hao walikuwa watu waliozoezwa vizuri. Aliyekaa miaka kadhaa bila kukimbia hana budi kujihesabu kama anayeanza upya.

Wakulima wengi huuliza: je, kulima viazi, kuchuma chai na kupanda vilima kila siku si mazoezi? Ni mazoezi, na yana faida. Mkulima ana moyo imara na uvumilivu kuliko mtu anayekaa kwenye kiti kutwa. Lakini kukimbia kuna jambo ambalo jembe halifundishi. Katika kila hatua ya mbio mguu mmoja hupokea uzito wa mwili mara mbili au tatu, na jambo hilo hurudiwa zaidi ya mara 20,000 katika kilomita 21. Misuli na moyo huzoea mazoezi kwa wiki chache, ilhali kano na mifupa huhitaji miezi. Ndiyo maana mtu mwenye pumzi nzuri anaweza kuumia kisigino, goti au mfupa wa muundi: pumzi imemruhusu kwenda mbali kuliko miguu ilivyokuwa tayari kumpeleka.

Tofauti hiyo ndiyo humdanganya mwendesha bodaboda kijana au mchezaji kandanda wa Jumapili. Hatweti, kwa hiyo anaamini yuko sawa. Kifua chake kinasema kweli kuhusu moyo, lakini hakina habari za goti.

KUJIPIMA KABLA YA KUAMUA

Kipimo rahisi ni kukimbia kilomita 10 kwa mwendo wa kawaida, wiki tatu au mbili kabla ya siku ya mbio, kwenye barabara inayofanana na ile ya mashindano. Baada ya hapo dakika zilizotumika huzidishwa kwa 2.2. Aliyemaliza kilomita 10 kwa dakika 70 atarajie kilomita 21 kwa dakika 154, yaani saa 2 na dakika 34. Ikiwa hajawahi kwenda mbali zaidi ya kilomita 10 mwaka huu, aongeze dakika 10 hadi 20 juu ya hesabu hiyo.

Asubuhi ya siku inayofuata kipimo ina habari muhimu kuliko saa ya mkononi. Misuli kuwa mizito ni kawaida. Maumivu yaliyo mahali pamoja kwenye mfupa au kano, au yanayomfanya mtu achechemee, si ya kawaida.

Kwa makadirio ya jumla, uamuzi unaweza kufuata hatua hizi:

Aliyekimbia kilomita 10 hadi 12 na kuamka bila kuchechemea anaweza kuingia mbio za 21, kwa mpango wa kukimbia na kutembea.

Aliyeweza kilomita 5 tu anafaa kuomba kuhamishiwa mbio za kilomita 10 au 5. Mashindano mengi ya Kenya, yakiwemo ya Nairobi Marathon yaliyoanza mwaka 2003, huwa na umbali mfupi pia. Kuhamia umbali mfupi si kushindwa. Ni kuchagua mbio zinazolingana na maandalizi.

Mwenye maumivu yanayobadilisha hatua zake, au aliyetoka kuugua, aahirishe. Mbio hizo zitarudi mwaka ujao.

Kuna wanaopaswa kumwona mhudumu wa afya kwanza, hata kama wanajisikia vizuri: wenye umri wa zaidi ya miaka 40 ambao hawajafanya mazoezi kwa muda mrefu, wenye shinikizo la damu, kisukari au pumu, waliojifungua karibuni, waliowahi kupata maumivu ya kifua au kuzimia wakiwa kwenye kazi nzito, na wale ambao ndugu wa karibu alifariki ghafla akiwa bado kijana. Kupimwa shinikizo la damu hakuhitaji safari ndefu. Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii nchini wamekabidhiwa vifaa vya kazi, vikiwemo mashine ya kupima shinikizo la damu na ya kupima sukari. Vipimo hivyo hupatikana pia katika zahanati, vituo vya afya, na hospitali za kaunti ndogo kama za Olenguruone na Molo.

WIKI ZILIZOBAKI ZINAWEZA KULETA NINI

Aliye na wiki sita ana nafasi nzuri. Siku tatu za kukimbia kwa wiki zinamtosha: mbili fupi za dakika 30 hadi 40, na moja ndefu mwishoni mwa wiki. Siku ndefu ianzie pale mtu alipo sasa, kwa mfano kilomita 8, kisha iongezwe kidogo kidogo hadi kilomita 14 au 15. Si lazima kufika 21 mazoezini. Mwili uliozoea kilomita 14 au 15 unaweza kubeba zilizobaki, mradi kasi iwe ya upole.

Aliye na wiki mbili abakishe mazoezi marefu ya mara moja tu, tena yafanyike siku 10 au zaidi kabla ya mbio. Baada ya hapo ni mbio fupi na nyepesi.

Aliye na wiki moja hawezi tena kuongeza nguvu. Mwili huhitaji zaidi ya wiki moja kugeuza mazoezi kuwa uwezo. Anachoweza kuongeza ni uchovu tu. Kujaribu kufidia miezi mitatu kwa siku tano ndicho chanzo cha majeraha mengi. Wiki hiyo ni ya kulala mapema, kunywa maji, na kupunguza kazi nzito kama kubeba magunia au kulima siku mbili za mwisho.

HATA MABINGWA HUANZA UPYA

Faith Kipyegon alijifungua mtoto wa kike mwezi Juni 2018. Alikaa takriban mwaka mmoja bila kushindana, akarejea mashindanoni Juni 2019, na Oktoba mwaka huo akapata medali ya fedha ya mita 1500 kwenye Mashindano ya Dunia mjini Doha. Rekodi zake za dunia katika umbali huo zilikuja baadaye, kuanzia mwaka 2023.

Katika nusu marathoni yenyewe, mfano bora ni Peres Jepchirchir. Alikuwa bingwa wa dunia wa umbali huo mjini Cardiff mwezi Machi 2016, akajifungua mwaka 2017, na akatwaa tena taji hilo mjini Gdynia, Poland, mwezi Oktoba 2020. Mwaka uliofuata alishinda marathoni ya Olimpiki, na mwaka 2023 akawa bingwa wa dunia wa nusu marathoni kwa mara ya tatu, mjini Riga.

Kati ya taji la kwanza la Jepchirchir na la pili ilipita zaidi ya miaka minne. Hao ni watu wenye makocha, muda wa kupumzika na wataalamu wa kuwakanda misuli. Kama wao huhesabu safari ya kurudi kwa miezi na miaka, mtu anayefanya mazoezi baada ya kukamua ng'ombe hana sababu ya kuona aibu kwenda polepole.

HESABU YA KASI

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kosa linaloharibu nusu marathoni nyingi hufanyika katika kilomita tatu za kwanza, wakati miguu ingali mipya, muziki unapigwa na watu wanashangilia. Kila mtu hujiona mwepesi. Sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini hutosha kwa takriban dakika 90 hadi saa mbili za mbio kali. Anayekwenda kasi kupita uwezo wake huimaliza mapema, na anayekwenda polepole huchanganya sukari na mafuta ya mwili, hivyo akiba hudumu.

Muda wa kumaliza kwa kila kasi ni kama ifuatavyo:

Dakika 6 kwa kilomita: saa 2 na dakika 7.
Dakika 7 kwa kilomita: saa 2 na dakika 28.
Dakika 8 kwa kilomita: saa 2 na dakika 49.
Dakika 10 kwa kilomita, ambayo ni kutembea kwa haraka: saa 3 na dakika 31.

Asiye na saa anaweza kutumia mazungumzo kama kipimo. Katika kilomita 10 za kwanza awe anaweza kumwambia mwenzake sentensi nzima bila kukatika pumzi. Akibaki na uwezo wa kutoa maneno mawili matatu tu, amezidisha.

Njia inayowafaa wengi wasio katika hali bora ni kupokezanisha mbio na kutembea tangu mwanzo, kabla ya kuchoka. Njia hii ilienezwa na Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 katika Olimpiki ya mwaka 1972. Tuseme mtu anakimbia dakika 4 kwa kasi ya dakika 7 kwa kilomita, kisha anatembea kwa haraka dakika 1, na kurudia hivyo hadi mwisho. Atamaliza kwa takriban saa 2 na dakika 37. Aliyekimbia bila kusita kwa kasi hiyohiyo angetumia saa 2 na dakika 28. Tofauti ni dakika 9 hivi, na kwa dakika hizo misuli imepumzishwa zaidi ya mara 30. Kwa upande mwingine, anayelazimika kutembea kilomita tano za mwisho kwa sababu ya kuishiwa nguvu hupoteza dakika nyingi kuliko hizo, tena kwa maumivu.

Kwa hiyo kutembea ni sehemu ya mpango, kama vile dereva wa lori anavyopunguza gia kabla ya mlima badala ya kungoja injini izime katikati.

Safari nzima inaweza kugawanywa mara tatu. Kilomita 5 za kwanza ni za kujizuia, hata wazee na watoto wakipita. Kilomita ya 6 hadi ya 16 ni za kushikilia mwendo mmoja. Kilomita 5 za mwisho ndizo za kuamua: mwenye nguvu aongeze kidogo, na asiye nazo aongeze dakika za kutembea.

MWINUKO NA BARABARA

Sehemu kubwa ya Kuresoi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400 au zaidi kutoka usawa wa bahari. Katika kimo hicho kila pumzi huwa na kama robo tatu tu ya oksijeni inayopatikana Mombasa. Mji wa Nakuru, ulio takriban mita 1,850, una kama sehemu nne kwa tano.

Hali hiyo ina maana mbili. Mkazi wa Kuresoi anayeshuka kukimbia Nakuru au Naivasha huhisi pumzi imefunguka, na hapo ndipo huponzwa: huongeza kasi, halafu joto ambalo hakulizoea humkuta kilomita ya 12. Kwa upande wa pili, mwana wa Kuresoi aliyekuwa akifanya kazi pwani au ng'ambo, akirudi likizo na kuingia mbio nyumbani, atakuta pumzi fupi. Kuzaliwa mlimani hakumhifadhii mtu damu ya mlimani kwa miaka. Atahitaji wiki mbili au tatu kuzoea tena, na siku ya mbio apunguze kasi yake ya kawaida.

Barabara za miteremko zina hila yake. Kupanda huchosha mapafu, lakini kushuka ndiko huumiza mapaja, kwa kuwa misuli hufanya kazi ya breki huku ikivutwa. Anayeshuka kwa kuruka hatua ndefu huvuna maumivu siku ya pili, ashindwe hata kuchuchumaa. Inafaa kushuka kwa hatua fupi na za haraka, magoti yakiwa yamelegea kidogo. Kwenye barabara ya changarawe au tope la msimu wa mvua, kasi ipunguzwe zaidi, maana mguu unaoteleza huvuta misuli ambayo haijazoezwa.

CHAKULA, MAJI NA DAWA

Usiku wa kuamkia mbio, ugali, viazi au wali kwa kiasi cha kawaida hutosha. Kushiba kupita kiasi hakuongezi nguvu. Asubuhi, saa mbili au tatu kabla ya kuanza, chai na mkate, uji, ndizi au viazi vitamu ni chakula kizuri. Maharagwe, vyakula vya mafuta na maziwa mengi, mursik ikiwemo, viachwe hadi baada ya mbio kwa asiyezoea kukimbia navyo tumboni. Kanuni ni kutojaribu kitu kipya siku hiyo.

Atakayekuwa barabarani zaidi ya saa moja na nusu anahitaji sukari njiani. Mshindi haihitaji sana kwa kuwa atakuwa amemaliza. Ndizi moja, peremende kadhaa au kinywaji cha glukosi, kuanzia dakika ya 45 na kurudiwa kila nusu saa hivi, husaidia sana.

Kuhusu maji, watu huonywa sana dhidi ya upungufu na kusahauliwa hatari ya kuzidisha. Anayekwenda polepole, akisimama kila kituo na kunywa chupa nzima, anaweza kuipunguza chumvi ya damu hadi kiwango cha hatari. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu mwishoni, na takriban asilimia 13 walikutwa na chumvi iliyopungua. Hatari ilikuwa kubwa kwa waliokunywa hadi uzito ukaongezeka na waliochukua muda mrefu kumaliza. Njia salama ni kunywa kwa kufuata kiu, mafunda machache kwa kila kituo.

Dawa za kutuliza maumivu kama diclofenac na ibuprofen zisimezwe kabla ya mbio wala njiani. Zinaficha maumivu ambayo ni onyo, na mwili ukiwa umepungukiwa na maji zinaweza kudhuru figo. Mwenye kuhisi kuwa hawezi kuanza bila dawa ameshapata jibu la kama aanze.

Mafua ya kawaida yanayoishia puani si kizuizi kikubwa. Homa, kikohozi cha kifuani, kuhara au maumivu ya mwili mzima ni kizuizi kamili. Kukimbia na homa huongeza joto la mwili na huweza kuuumiza moyo.

VIATU NA MAVAZI

Viatu vipya havivaliwi siku ya mbio. Viatu vya mitumba ni sawa, mradi soli haijalika upande mmoja na mvaaji ameshakimbia navyo kilomita 30 au zaidi. Soksi ziwe zile zilizozoeleka, na kucha zikatwe siku mbili kabla. Mafuta mazito ya kujipaka yapakwe mahali panaposuguana: katikati ya mapaja, kwapani, kwenye chuchu na kati ya vidole.

Alfajiri ya Kuresoi ni baridi kali, lakini baada ya saa moja jua huwa limetoka na mwili umechemka. Sweta kuukuu linaweza kuvaliwa hadi mwanzo wa mbio, kisha akabidhiwe ndugu. Kukimbia na jaketi zito hadi mwisho kwa nia ya "kutoa jasho" ni njia ya kuzimia.

DALILI ZA KUSIMAMA

Uchovu, mapaja mazito na hamu ya kuacha ni vya kawaida. Hutulia mtu akitembea dakika chache. Dalili zifuatazo si uchovu, na mkimbiaji anapaswa kusimama mara moja na kuomba msaada:

Maumivu au kubanwa kifua, mkono wa kushoto au taya.
Moyo kwenda mbio bila mpangilio hata baada ya kusimama.
Kizunguzungu, kuona giza au kukaribia kuzimia.
Kuacha kutoa jasho, kutetemeka kwenye jua, au kuongea maneno yasiyoeleweka.
Kutapika mfululizo pamoja na maumivu makali ya kichwa.
Maumivu ya ghafla na makali mahali pamoja kwenye mguu.

Mtu anayeweweseka kwa joto apelekwe kivulini, avuliwe nguo nzito na kumwagiwa maji mwili mzima huku akipepewa, wakati msaada ukingojewa. Asiyeitika na asiyepumua akandamizwe kifua: katikati ya kifua, kwa mikono miwili, kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi wahudumu wafike. Namba ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya kwa dharura ni 1199.

Ni vyema kila mshiriki aandike nyuma ya namba yake ya mbio jina lake, namba ya simu ya ndugu na ugonjwa alio nao kama upo. Kabla ya siku, awaulize waandaaji mambo matatu: vituo vya maji viko kila baada ya kilomita ngapi, ambulansi iko wapi, na barabara itafunguliwa kwa magari saa ngapi. Jambo la mwisho huwahusu hasa wanaokwenda polepole. Barabara ikishafunguliwa, mkimbiaji apande ukingo na kukimbia akiyatazama magari yanayokuja.

BAADA YA KUMALIZA

Kuanguka chini mara baada ya mstari si vizuri, kwa kuwa damu hubaki miguuni na mtu huweza kuzimia. Atembee dakika 10, avae nguo kavu, anywe na kula ndani ya saa moja. Chai ya maziwa na viazi vitamu hufanya kazi nzuri.

Maumivu ya misuli hufikia kilele siku ya pili na kupungua siku ya nne au ya tano. Kutembea kidogo husaidia kuliko kulala kutwa. Kazi nzito ya shamba ingoje siku mbili au tatu, na mbio zingoje wiki nzima. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, au ukikosekana kabisa, hiyo si habari ya kusubiri kesho. Ni ishara kwamba misuli iliyovunjika inaziba figo, na mhusika apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti ya Nakuru hupokea wagonjwa wanaohitaji matibabu zaidi kutoka hospitali za kaunti ndogo.

Maumivu ya mahali pamoja yanayodumu zaidi ya siku saba yachunguzwe. Ufa mdogo kwenye mfupa hauonekani kwa macho, na huendelea kupanuka kwa anayejikaza.

Wakati huo huo, mwili ambao umekamilisha kilomita 21 kwa utaratibu umepata kitu cha kuhifadhi. Uwezo uliojengwa kwa wiki sita hupotea kwa wiki chache ukiachwa, lakini hudumishwa kwa kukimbia mara mbili tu kwa wiki, hata nusu saa kila mara, kwenye njia ya kupeleka maziwa au kuzunguka uwanja wa shule jioni. Anayeanza hivyo wiki ya pili baada ya mbio hatalazimika kuuliza tena, mwaka ujao, kama mwili uko tayari.